Zuhura Ilipotumbukia Mwezini Siku ya Posa Yangu

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mfanyakazi wa shamba la ngano la serikali kwenye uwanda wa Hanang, na kazi yangu ilikuwa hali ya hewa. Kila asubuhi nilipima mvua, joto na upepo, nikayasomea makao makuu majibu kwenye simu ya upepo, ile redio ya kuitana, kwa sauti ya mtu muhimu. Kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, wakija, nilikabidhiwa darubini ya macho mawili nikapanda juu ya tangi la maji kutazama makundi yao yanakotokea. Niliipenda kazi ile hadi nilikuwa naiota.

Aliyeniambukiza mambo ya nyota alikuwa mtaalamu wa mbegu, mgeni kutoka ng'ambo, mrefu hadi akiingia mlango wowote anainama kama anasalimia. Kiswahili alijifunza kwa madereva wa matrekta, kwa hiyo mara nyingi alikuwa anatukana bila kujua, tena kwa upole sana. Alikuwa na darubini yake mwenyewe, bomba jeupe lenye urefu wa mkono, juu ya miguu mitatu. Nilimkuta siku moja baada ya kazi anaipangusa nje ya nyumba yake, nikauliza ni ya nini, na tangu siku ile nikawa sirudi nyumbani kabla sijaona angalau milima ya mwezi.

Lakini kwanza niseme habari ya kometi, maana ndiyo iliyoniharibia jina kambini, tulikoishi wafanyakazi wa shamba.

Redio ilikuwa imeitangaza kwa wiki nyingi: nyota yenye mkia inakuja, huonekana mara moja katika maisha ya mtu. Kambi nzima ilisisimka. Mafundi waliichora kwa chaki kwenye mlango wa karakana, mkia wake ukatoka mlangoni ukaendelea ukutani. Mimi, kwa kuwa nilionekana mtaalamu, niliulizwa maswali mchana kutwa na nikajibu yote, hata yale nisiyoyajua. Alfajiri moja tulijikusanya nje ya karakana na blanketi zetu mabegani, meno yanagongana kwa baridi. Mgeni akaelekeza darubini. Watu wakapanga foleni. Kila aliyechungulia aliondoka kimya.

Mpishi wa kambi ndiye aliyevunja ukimya. "Nimeona pamba," alisema.

"Pamba gani?" nikamuuliza.

"Ya sikioni. Iliyokwisha tumika."

Watu walicheka hadi mbwa wa kambi wakabweka. Ni kweli, ilikuwa na umbo la ukungu mdogo tu, doa la kijivu lisilo na mkia wa maana, kwa sababu kometi ile ilipita mbali nasi. Mgeni mwenyewe alikuwa anarukaruka kwa furaha, lakini nani angemwelewa? Toka siku hiyo, nikipita karakana nilisikia, "Dada, pamba yako imeamkaje leo?"

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa dereva wa kombaini ya kuvunia ngano, kijana wa kijiji cha Tlawi, mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko wote, akanyoosha mgongo, akasema, "Ni nzuri sana. Mkia nimeuona." Nilimpenda pale pale, na pua yangu inachuruzika kwa baridi. Tulipokwisha kuzoeana ndipo aliponiambia ukweli: hakuona kitu chochote. Alikuwa amefumba jicho lililotakiwa kutazama, akafumbua lile lingine. Nilicheka nikakaa chini kwenye mabua ya ngano, nikashindwa kuinuka.

Basi tukakubaliana kuoana, na hapo ndipo palipokuwa na kikwazo. Baba yake, mkulima wa Tlawi na mzee wa kanisa, hakuwa na neno baya juu yangu ila moja: kazi. Alitaka mke wa mwanawe akae Tlawi, alime, afuge, alee. Alikuwa amemwambia mwanawe, "Mvua ya serikali watapima wengine. Huku kwetu mvua ikinyesha tunaiona wenyewe." Kijana akaniletea maneno hayo bila kuyapunguza. Nikamwambia siachi kazi. Akasema naye hataki niiache, lakini baba ni baba, na jambo lenyewe litazungumzwa na wazee siku ya posa, Katesh, nyumbani kwa mama mkubwa aliyenilea.

Wiki chache kabla ya hapo mgeni wa mbegu aliniita. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa msisimko. Alikuwa amepiga hesabu, akairudia, akaona haina kosa: Jumamosi fulani, jua likishazama, mwezi mchanga utapita mbele ya sayari ya Zuhura na kuifunika. Hapa kwetu Zuhura itaingia nyuma ya mwezi saa moja kasoro kidogo, na itatoka upande wa pili karibu saa mbili.

"Na safari hii si pamba," akasema. "Safari hii hata mpishi ataona bila darubini."

Yeye mwenyewe asingekuwepo, alikuwa anaondoka kwenda likizo kwao. Alinipa darubini ndani ya sanduku lake akasema nitazame kwa niaba yake. Nilirudi kambini nimelikumbatia sanduku kama mtoto mchanga. Wiki hiyo hiyo ikaja habari kutoka Tlawi: wageni wa posa watafika Katesh Jumamosi. Jumamosi ile ile.

Sikuona tatizo. Watafika asubuhi, watazungumza, watakula mchana, watapanda gari warudi kwao kabla ya giza. Jioni nitakuwa mchumba wa mtu, na muda ni wangu. Nikaenda Katesh na sanduku langu, nikafuatana na rafiki yangu, karani wa ghala la ngano, aje kunisaidia kupika.

Jumamosi ilifika, wageni hawakufika. Asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Mama mkubwa alipasha nyama mara ya pili, akaipasha mara ya tatu, akaanza kusema labda wameahirisha, labda wamesikia jambo. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu aliyekuwa msemaji wa upande wetu, alikuwa anatembea uani na suti yake, anatokwa na jasho. Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi waliposhuka kwenye pikapu, weupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Walipata pancha mbele ya Dongobesh, wakaziba, ikatoboka tena. Aliyeendesha alikuwa mchumba wangu mwenyewe, kwa sababu dereva waliyemkodi aliumwa tumbo, na kwa desturi hakutakiwa kuingia ndani wakati wazee wanazungumza. Akabaki uani na gurudumu lake.

Mimi nami sikutakiwa kutoka jikoni hadi niitwe. Nilimwita kupitia dirishani, nikampitishia sanduku.

"Weka pale kwenye uwazi, nyuma ya zizi. Elekeza kwenye mwezi."

"Mwezi uko wapi? Jua bado linawaka."

"Ule pale. Juu ya ule mti mkavu. Na Zuhura iko juu yake kidogo."

Mwezi ulikuwa mwembamba, mweupe, umelala chali kama bakuli, unaonekana kwa shida kwenye samawati ya mbingu. Alitazama kwa macho matupu, akakunja uso, akasogea, akajikinga jua kwa kiganja. Halafu spana ikamdondoka.

"Nyota!" akapiga kelele. "Nyota mchana!"

"Nyamaza!" nikamwambia. "Umeiona kweli, au kama ile ya alfajiri?"

"Kweli kabisa! Kama nukta ya chaki! Njoo uone!"

Nilichungulia kupitia mlango wa jikoni, mama mkubwa akanivuta kwa kanga akanirudisha kwenye sufuria. Lakini nilikuwa nimeshaiona. Nukta nyeupe ya Zuhura, mchana kweupe, juu ya Katesh, na hakuna mtu sokoni aliyejua kwamba iko pale. Furaha ilinipanda hadi nikatia chumvi kwenye chai.

Ndani mazungumzo yalianza, na yalianza kwa urefu. Mshenga wao alikuwa mzee aliyeikariri hotuba yake, na kila alipokatizwa alirudi mwanzo. Walisifu mlima, walisifu njia, walisema wamekuja kutafuta mche wa kupanda shambani kwao. Mjomba akauliza mche gani, kuna miche mingi. Sisi jikoni tulisikia yote kupitia ukutani. Rafiki yangu alikuwa na saa ya mkononi aliyoiweka sawa na mlio wa redio ya taarifa ya habari, na alikuwa ananiangalia kwa huruma.

"Umebaki muda gani?" nikamuuliza.

"Robo saa. Na bado wako kwenye mche."

Jua likazama. Kupitia dirishani niliona Zuhura imewaka sasa, kali kama taa ya kombaini inayokuja kwa mbali, na bakuli la mwezi liko chini yake karibu mno. Ndani waligusa suala la kazi. Sauti ya mzee wa Tlawi, baba wa mchumba wangu, ikasikika kwa mara ya kwanza, nzito, ya pole pole: hawezi kuwa na mkwe anayelala kambini na matrekta. Mjomba akajibu kwamba binti amesomeshwa. Mzee akasema hajakataa kusomeshwa. Mjomba akarudia. Mzee naye akarudia. Kisha mama mkubwa akaingia jikoni, akanifunika kanga kichwani, akasema, "Unaitwa."

Niliingia nikapiga magoti kwenye mkeka. "Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote.

Mjomba akakohoa. "Binti yetu, wageni hawa wanasema wametoka mbali kwa ajili yako. Sisi hatuwafahamu. Je, wewe unawafahamu?"

Jibu linajulikana na kila msichana: unainamisha macho, unanyamaza kidogo kwa aibu, unasema ndiyo kwa sauti ndogo. Mimi nilimwona rafiki yangu, mlangoni nyuma yao, anainua mkono wenye saa na kuutikisa kama anafukuza nyuki.

"Ndiyo nawafahamu," nikasema haraka, "lakini nawaomba wazee wangu tutoke nje."

Mama mkubwa akashika shavu.

"Umesema nini?" mjomba akauliza.

"Zuhura inaingia nyuma ya mwezi. Sasa hivi. Ikishaingia hatutaiona inavyoingia."

Mshenga akaanza kusema kwamba katika miaka yake yote ya kuposa hajawahi. Lakini mzee wa Tlawi alimwinulia mkono. Alinitazama. Nilimtazama nami, kisha nikakumbuka adabu nikatazama chini.

"Ni ile nyota kubwa ya jioni?" akauliza.

"Ndiyo, baba. Mwezi utaimeza."

"Nani ameiona ikimezwa?"

"Bado hakuna. Ni hesabu tu imesema."

Mzee aliivuta fimbo yake karibu. "Basi tukikaa humu," akasema, "kesho tutasimuliwa na watu wa sokoni." Akasimama.

Ile nyumba ilitoka nje yote kwa pamoja. Mlango ulikuwa mwembamba, mjomba na mshenga wakakwama begani kwa bega, hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake hadi rafiki yangu alipowasukuma. Uani mchumba wangu alikuwa ameinama kwenye darubini anazungumza peke yake: "Ina umbo! Jamani, si nukta! Ni kama nusu ya kidonge!" Alipogeuka akamwona baba yake na wazee wote, akavua kofia, akajipaka grisi kwenye paji la uso.

Mzee akachungulia kwenye bomba, akaondoa jicho haraka. "Mwezi wenu umepinduka."

"Darubini hii inapindua, baba."

"Basi nitatumia macho yangu. Hayapindui kitu."

Sehemu ya mwezi isiyo na mwanga ilikuwa inaonekana kwa mbali, kijivu hafifu, ikijaza lile bakuli kama uji uliopoa. Zuhura ilikuwa inashuka kuelekea kwenye uji ule. Niliwaambia watazame ukingo wa giza na si ukingo unaong'aa, maana nyota itapotea kabla ya kugusa mwanga. Bibi jirani, mfugaji wa kabila la Wabarbaig, aliyekuwa anarudisha ndama wake, alisimama kwenye ua na gauni lake la ngozi akauliza kwani kuna moto wapi. Hakuna aliyemjibu, akatazama tulikotazama.

Ikafifia. Haikuzimika kama taa, ilipungua, ikawa nyembamba, ikawa cheche. Kisha haikuwepo.

Nasema haikuwepo kabisa. Nyota kubwa kuliko zote, tuliyoiona tangu utotoni, ilikuwa imeondolewa mbinguni mbele ya macho yetu, kwa saa ileile iliyosemwa.

Rafiki yangu alipiga kigelegele. Bibi jirani akapiga chake, kirefu zaidi, na ndama wakakimbia. Mjomba, mwalimu mstaafu, mtu wa suti, akaanza kupiga makofi kama watoto wa darasa la kwanza. Mshenga akasema "Eh! Eh! Eh!" na hotuba yake yote ikamtoka kichwani, alikiri mwenyewe baadaye. Mimi nilikuwa naruka. Kanga ilianguka, sikuiokota. Mchumba wangu alinishika mkono mbele ya wazee, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukasirika.

"Imekwenda wapi?" mzee akauliza.

"Iko nyuma ya mwezi, baba. Itatokea huku chini, karibu saa mbili."

"Hesabu imesema?"

"Imesema."

"Haya. Leteni viti. Hatutoki hapa."

Wakaleta viti, wakaleta na blanketi, na mama mkubwa, aliyekuwa amekata tamaa na desturi zote, akaleta nyama nje. Posa yangu ikaendelea uani, wazee wote wakiwa wamekaa upande mmoja kama abiria wa basi, nyuso zao magharibi. Walizungumza bila kutazamana. Na nadhani hilo ndilo lililosaidia. Mambo yaliyochukua saa nzima kule ndani yalipita upesi, maana kila mtu alitaka yaishe kabla Zuhura haijatoka.

Wingu la mlima Hanang lilianza kujivuta kuelekea kwetu, kama linavyopenda kufanya jioni. Sote tuliliona. Mchumba wangu akaanza kulipungia kofia lirudi, na mshenga, Mungu amweke, naye akalipungia.

Mjomba akatumia nafasi hiyo. "Na lile suala la kazi ya binti, mzee mwenzangu. Tulikuwa tumefika wapi?"

Mzee wa Tlawi alikuwa amenyoosha shingo, hapepesi. Mjomba alikuwa amesimama mbele yake.

"Aendelee," mzee akasema.

"Aendelee na mazungumzo?"

"Aendelee na kazi! Aendelee! Sogea, unanizibia mwezi."

Mjomba alisogea upesi hadi akakanyaga sahani. Aliniangalia, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kicheko alichokizuia. Mimi nilikimbilia jikoni nikafunika mdomo kwa kanga nikapiga kelele ndani yake, nikatoka tena kwa heshima.

Wingu lilikuwa limefika karibu na pembe ya bakuli pale kitu kilipotokea. Chini ya mwezi, kwenye ukingo ule unaong'aa, kikatokea kitone. Kilining'inia pale kama tone la maziwa chini ya kibuyu, kikakua, kikawaka, kikawa Zuhura. Aliyeiona kwanza ni mzee. Alisimama hadi kiti kikaanguka nyuma, akanyoosha fimbo.

"Ile pale! Imetoka! Imetoka salama!"

Alisema hivyo, salama, kama vile mtu tuliyekuwa tunamsubiri amerudi kutoka safari. Akanigeukia akanipa mkono, akatikisa, akatikisa, akasahau kuuachia. Wakati wingu linafunika kila kitu, watu walikuwa wanacheka tu bila sababu, wanasimuliana jambo ambalo wote walikuwa wameliona.

Walilala Katesh usiku ule kwa sababu hakuna aliyetaka kusafiri gizani na tairi lile. Wanaume walijipanga sebuleni, na kupitia ukuta niliendelea kuwasikia wanabishana iwapo mwezi uliisukuma Zuhura au Zuhura iliukwepa mwezi.

Mgeni wa mbegu aliporudi kutoka likizo aliuliza tuliandika saa ngapi kamili Zuhura ilipoingia na ilipotoka. Nilimwita rafiki yangu, mwenye saa. Akaangalia chini. Ya kuingia alikuwa anapiga kigelegele. Ya kutoka alikuwa anamkumbatia mshenga. Mgeni alikaa kwenye ngazi za ofisi akacheka hadi akatokwa na machozi, kisha kwa upole wake akasema neno la kidereva ambalo siwezi kuliandika.

Tulifunga ndoa Tlawi baada ya mavuno. Mvua isiyo ya msimu ilinyesha tangu asubuhi, ukungu umeshuka hadi kwenye madirisha ya kanisa, barabara ikawa matope matupu. Gari letu lilizama magurudumu yote, na jamaa wa kambini wakashuka na viatu vyao vipya wakalisukuma, huku mpishi akiongoza wimbo, nami nimelifunga gauni langu kiunoni kwa kamba ya gunia. Baba mkwe alikuja mwenyewe chini ya mwavuli, akatazama matope, akatazama mbingu, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mkwe, hii ni milimita ngapi?"

Nilimwambia ni nyingi, baba, nitapima kesho.